Kiboko na Msindikizaji Wake

Mto Luvua, ukishatoka katika Ziwa Mweru, hushuka kwa vishindo kuelekea kaskazini-magharibi mpaka unapomezwa na Lualaba pale Ankoro, na kabla ya kufika huko hupita karibu na Manono, nchi yenye maziwa ambayo Mwenyezi Mungu hakuyaumba. Yalichimbwa na watu waliokuja kutafuta bati tangu mwaka 1919, wakautumikisha mto huo pale Piana Mwanga ili wapate umeme wa mashine zao, wakachimba miaka sitini na ushei, kisha bati likaporomoka bei katika miaka ya 1980, mashine zikanyamaza, nao wakaenda zao bila ya kufukia walichofukua. Mvua ikiona shimo haiulizi ni la nani. Mashimo yakajaa, yakaota matete, yakapata samaki na vyura, na leo mtoto wa Manono akikuambia anakwenda ziwani kuogelea, ujue anakwenda kuogelea katika machimbo ya babu yake. Pembeni vilibaki vilima vya mawe meupe yaliyotupwa kwa kuwa hayakuwa bati, vikakaa vikipandwa na mbuzi, mpaka dunia ilipoanza kutamani betri kubwa za magari. Ndipo kila aliyekuwa akivipita bila kuvitazama alipokumbuka ghafula kwamba vilikuwa vya shangazi yake.

Katika ziwa mojawapo, ambalo silitaji jina kwa sababu halina, alitawala Kiboko. Sisemi kwamba alikuwa mbaya. Aliwekwa pale na Mamba wa Mweru, wenye mali, ambao hawakuwahi kulikanyaga tope la ziwa lile hata siku moja, kwa maana walikuwa wameshughulika na kesi: Mamba wa upande huu waliapa kwamba ziwa ni lao, Mamba wa upande ule wakaapa kwamba wamelinunua kwa haki kutoka kwa mtu aliyeapa kwamba ni lake, na shauri likapelekwa mbele ya mahakimu wa ng'ambo ambao kila kikao waliuliza kama Luvua ni mto au ni jina la mtu. Maadamu kesi haikwisha, alihitajika mnyama wa kukaa majini ili asije mpita njia akasema hayana mwenyewe, na kwa kazi ya kukaa hapakuwa na mnyama wa kumshinda Kiboko.

Chini yake walifanya kazi wachimbaji: Mhanga, ambaye kucha zake hupasua kichuguu kama mtu anayemega mkate, Fuko, asiyeona lakini anajua, Nungunungu, Panya Buku na jamaa zao. Walichimba mawe meupe katika ukingo wa mashariki na kuyaosha, na ujira wao ulikuwa kikapu cha mihogo kila mwezi unapoandama, pamoja na ruhusa ya kunywa. Maji ya kuoshea na ya kunywa yaliingia kwa mfereji mmoja mwembamba kutoka kijito cha juu, na hapa ndipo ilipokuwa shida yote, nami naieleza mapema ili msikilizaji asije akasema nimemficha: Kiboko alikuwa akilala ndani ya mfereji. Palikuwa na ubaridi, na tope la mahali pale lilikuwa limekwisha kuchukua umbo la mbavu zake. Alipolala, maji yalisimama nyuma ya tumbo lake, yakatafuta njia katika matete na kupotea. Alipoamka, jambo ambalo lilikuwa nadra, yalipita kidogo yakiwa na harufu. Kila mnyama alilijua jambo hili. Chura alilijua, na viluwiluwi wake walilijua kabla hawajaota miguu. Lakini ukimwuliza Kenge, karani wa baraza, kwa nini ziwa linapungua, alitazama angani akasema kwamba mvua za siku hizi si zile za wazee wetu.

Maji yalipopungua, mawe hayakuoshwa. Mawe yasipooshwa, hayakupelekwa Mweru. Na kwa kuwa hayakupelekwa, vikapu vya mihogo havikutoka mwezi wa kwanza, wala wa pili, wala ile iliyofuata. Mamba nao si wajinga. Waliona hesabu imepinda, wakakutana, na kama ilivyo desturi ya wenye mali wanaokaa mbali, hawakuuliza habari za mfereji. Walisema kazi ikidorora popote, sababu ni kwamba kiongozi hajajitambua. Basi wakamtuma Yangeyange.

Alifika asubuhi na mapema, mweupe kama kanzu ya padri siku ya Pasaka, akitembea kama mtu anayepima kiwanja. Sifa zake zilikuwa zimemtangulia. Nyati wa Upemba alikuwa na yangeyange mmoja, Tembo alikuwa na wawili, hata Ngiri, ambaye hana nyumba ila shimo alilorithi kwa mwingine, alisemekana kuwa ameagiza wake. Mkubwa akionekana siku hizi na mgongo mtupu, wenzake humwonea huruma. Wachungaji wa ng'ombe watakuambia kwamba ndege huyu hufuata miguu ya wanyama wazito kwa sababu miguu hiyo, inapokanyaga nyasi, hurusha panzi. Wala silisemi hili kwa kumsengenya, maana kila kiumbe kina riziki yake.

"Karibu, Mama," alisema Kiboko bila kuinua kidevu majini. "Umeniletea dawa gani?"

"Sina dawa, Vidye," akajibu Yangeyange, akitumia neno ambalo Waluba humpa mkubwa na mizimu kwa heshima moja. "Dawa wanazo waganga."

"Basi umeniletea mashauri."

"Mashauri wanayo washauri."

"Utanifundisha, kumbe."

"Walimu ndio wafundishao. Mimi ni msindikizaji. Safari ni yako, na majibu yote unayo ndani yako mwenyewe. Kazi yangu ni kuuliza tu, kisha kunyamaza."

Kiboko akalipenda neno hilo kupita kiasi. Ndani yake palikuwa na nafasi kubwa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba imejaa majibu.

Likafanyika agano la pembe tatu, kwa sababu katika kazi ile anayelipa na anayesindikizwa aghalabu si mmoja. Mjumbe wa Mamba alikuja na shabaha ya mabwana zake: mawe yaongezeke. Kiboko akatoa yake: aheshimiwe. Yangeyange akaziunganisha shabaha hizo mbili katika sentensi moja ndefu yenye neno "ushirikishwaji" katikati, nayo ikawaridhisha wote. Wakapatana vikao 12, kila kikao baada ya siku 14, malipo yote ya samaki kutolewa mwanzoni. Na wakapatana kwamba yatakayosemwa baina ya mgongo na ndege hayatafika Mweru, ila Mamba wataambiwa tu kama Kiboko alihudhuria. Sharti hili la siri ni la haki, kwa kuwa hakuna mkubwa atakayefungua kifua mbele ya mtu atakayekwenda kumwaga yaliyomo kwa waliompa kiti. Lakini halikutaja mahali popote wale waliokuwa wakinywa chini ya mfereji. Wao hawakuwa pembe ya kitu.

Katika kikao cha kwanza Yangeyange alieleza asili ya elimu yake, akijitengeneza manyoya. "Ilizaliwa uwanjani, Vidye. Kule Marekani alikuwepo mwalimu wa tenisi aitwaye Timothy Gallwey, aliyeona kwamba mwanafunzi akifokewa shika hivi, pinda vile, mkono humganda. Bali akiambiwa autazame tu mpira, atamke kila unapodunda na kila anapoupiga, fikira zake hutulia na mkono hujirekebisha wenyewe. Akaandika kitabu mwaka 1974. Kisha Mwingereza mmoja, John Whitmore, aliyepata kuwa dereva wa magari ya mashindano, akaichukua hekima ile akaitia maofisini, na tangu hapo wakubwa wa kampuni husindikizwa kama wachezaji." Kiboko alisikiliza huku masikio yakizunguka. Hakuna uongo katika maneno ya ndege yule, nami siyapunguzi hata chembe. Ila uwanjani mpira ukitoka nje huonekana umetoka nje, mbele ya kadamnasi, wala hakuna Kenge wa kusema ni upepo.

Maswali yake yalikuwa manne, akayafundisha kwa kuinua kila mara kidole kimoja cha mguu. Unataka kufika wapi? Upo wapi sasa? Njia zipo ngapi? Na utafanya lipi, lini? Ni maswali mepesi kama kokwa la embe, na kama kokwa la embe, yakipandwa mahali pake huota. Nimepata kuona mtu mzima akiulizwa lile la pili kwa utulivu, bila hila, na mtu aliyemnyamazia mpaka mwisho, akaanza kulia kama aliyepata habari ya msiba wake mwenyewe. Asidhani msikilizaji kwamba naicheka kazi ile kwa kuwa siijui.

Kwa hakika kikao cha tatu nusura kiliokoe ziwa. Siku hiyo jua lilikuwa kali, Kenge hayupo, na Yangeyange, akiwa amesimama juu ya mgongo kwa mguu mmoja, aliuliza: "Unapolala mferejini, unahisi nini?"

"Ubaridi," akasema Kiboko.

"Na walio chini yako wanahisi nini?"

Kisha akanyamaza, naye alijua kunyamaza. Ndugu zake wote wanajua, ndivyo wanavyopata samaki. Kimya kikarefuka. Kereng'ende akaja akatua, akaondoka. Masikio ya Kiboko yakasimama, na kitu fulani kikaanza kupanda kutoka chini ya tumbo lake kubwa, pole pole, kama povu la gesi kutoka tope la miaka mingi, kikafika kooni. "Wanahisi..." alianza, na maji nyuma yake yakatikisika, kwa kuwa mguu wake wa nyuma ulikuwa umesogea, naapa ulisogea, upana wa kiganja, na kijitone kikapita. Mara hiyo Kenge akatokea akipiga mbio kuleta habari kwamba Mamba wametuma salamu na pumba. Kiboko akajikohoza. Kikao kikaahirishwa.

Katika kikao cha nne alitaka wazungumzie sauti yake, kwamba pengine ilikuwa nzito mno barazani. Na kwa kanuni ya kazi ile, mwenye safari ndiye anayechagua mazungumzo ya siku. Yangeyange akafuata kanuni, wakazungumza habari za sauti. Hapa ndipo ninapomlaumu ndege yule, na ni hapa tu: alikuwa ameona mguu ukisogea. Alijua swali lilikuwa wapi. Lakini mgongo ulikuwa wa joto, panzi walikuwa wengi, vikao vilikuwa bado vinane, na swali linalomwondoa mkubwa mahali alipolala linaweza pia kumwondoa aliyesimama juu yake.

Baada ya hayo likaja jambo la duara. Yangeyange alieleza kwamba kiongozi hajioni kisogo, kwa hiyo ni vizuri walio juu yake, ubavuni mwake na chini yake wote waseme wanavyomwona, bila ya kutaja majina, ili waseme kweli. Kwa kuwa ziwani hapakuwa na karatasi, ikaamriwa kila mnyama aje usiku, mmoja mmoja, aandike maoni yake juu ya tope la ukingo wa magharibi, kisha aondoke. Yalikuwa maoni ya siri kabisa. Kulipokucha, tope zima lilikuwa limejaa maandishi. Pamoja na HAMA MFEREJINI, kwa herufi kubwa zilizochimbwa kwa nguvu, palikuwa na alama za mguu wenye kucha nne ndefu. Pamoja na UNALALA NJIANI, katika mstari uliopinda kama wa asiyeona anapokwenda, palikuwa na kichuguu kidogo cha udongo mpya. Miba miwili ya nungunungu ilikuwa imeangukia kando ya maneno MIHOGO IKO WAPI. Na pale palipoandikwa kwamba Kiboko ni mwema mno, na kasoro yake pekee ni kuwa anawajali wengine hata kujisahau, palikuwa na mfuo wa mkia mrefu, kama mtu aliyeburuta kilemba cha ukoka kutoka nyumbani kwake.

Yangeyange aliyakusanya yote, akayachanganya, akayaondoa makali, akaleta muhtasari: wengi wanathamini uwepo wako, wachache wanahisi kwamba mtiririko unaweza kuboreshwa. Kiboko akatikisa kichwa kwa unyenyekevu mpya aliojifunza. Hakumwambia msindikizaji wake kwamba alfajiri, kabla ya umande kukauka, alikuwa amepita ukingoni peke yake, polepole, akisoma nyayo. Wiki ile Mhanga akahamishiwa ukingo wa kaskazini, ambako hakuna mawe meupe ila mwamba mtupu, ili apate uzoefu mpana zaidi.

Kulikuwa na mwingine pale ziwani aliyepata kuwasindikiza wakubwa kabla ya neno hilo kuzaliwa, naye ni Kobe. Msikilizaji wa nchi ile ataelewa ninaposema hivyo. Waluba wa kale walikuwa na chama cha watunza kumbukumbu, Mbudye, na mtunza kumbukumbu alikuwa na lukasa, ubao wa kuenea mkononi uliopigwa shanga na simbi. Aliushika kwa mkono wa kushoto, akazipapasa shanga kwa kidole cha kulia, akamsomea mfalme asili ya ufalme wake, mipaka yake na miiko aliyoipokea. Hakumwuliza mfalme anajisikiaje. Alimkumbusha. Ule ubao ulikuwa na umbo la kobe, kama kila mwenye kuuona anavyoweza kusadiki, na Kobe wa ziwa lile alipenda kusema kwamba wanadamu waliiga mgongo wake.

Akaja siku moja mbele ya Kiboko, akichukua asubuhi nzima kufika. "Vidye," akasema, "nimekula chumvi nyingi, nisikilize. Hapa katika tundu hili la gamba langu imeandikwa siku uliyowekwa. Uliapa kwamba maji yatapita." Kisha, kwa kuwa wazee hawawezi kusema jambo moja bila kulifunga kwa jingine, akamsimulia habari ya Nkongolo, mfalme mwekundu wa masimulizi ya Waluba, aliyekuwa akila na kunywa mbele ya umati wote kinywa wazi, mpaka alipokuja mwindaji mgeni kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mwenye adabu za kifalme, ambaye alipoandaliwa chakula hakukigusa mpaka apewe mahali pa faragha. Nkongolo alielekezwa na mtu aliyejua, bila ya malipo, naye akaona ametukanwa; na mwisho wake, alipotaka kumwua Kalala Ilunga, mwana wa mgeni yule, alichimba shimo, akalifunika kwa mkeka, akamwalika kijana acheze ngoma juu yake. "Lakini ngoma ilimwonya kijana," akasema Kobe, "na..."

"Babu," Kiboko akamkatiza kwa upole mkubwa, akiinamisha kichwa upande kama alivyofundishwa, "nimekusikia. Nimekusikia kabisa." Na hakusogea.

Kobe alikaa pale hata jua likageuka, akingoja kuona kama kusikia kule kuna sehemu ya pili. Kisha akaanza kurudi, akichukua alasiri nzima kuondoka.

Kufikia kikao cha nane Kiboko alikuwa amebadilika, wala si mimi tu ninayesema. Mamba waliokuja kumtazama walistaajabu. Zamani akiletewa malalamiko alifungua kinywa chote, meno yakaonekana mpaka ya mwisho, na mlalamikaji akakumbuka kwamba ameacha mtoto jikoni. Sasa hakufoka. Alimtazama mtu machoni, akanyamaza kwa hesabu ya pumzi tano, akarudia maneno ya mwisho ya msemaji kwa sauti laini. Na zaidi ya yote alikuwa ameyapenda yale maswali manne kwa mapenzi ambayo Yangeyange hakuyatarajia: hakuyajibu, aliyahifadhi, akaanza kuyatoa yeye.

Ndipo walipokuja wachimbaji, Mhanga akiwa mbele, Fuko ameshika mkia wa Nungunungu, wote wamekauka midomo.

"Vidye," akasema Mhanga, "ni mwezi wa tisa. Hatujaona kikapu, na maji ya kunywa tunayakamua kwenye matope."

Kiboko akainamisha kichwa upande. "Mwanangu Mhanga. Hilo linakufanya ujisikie vipi?"

"Linanifanya nisikie njaa, Vidye."

"Njaa." Pumzi tano zikapita. "Na njaa hiyo inakufundisha nini juu yako mwenyewe?"

Mhanga akawatazama wenziwe. "Kwamba sijala."

"Vizuri. Tuanze hivi: unataka kufika wapi?"

"Kwenye maji."

"Na upo wapi sasa?"

"Mbali na maji."

"Kuna nini baina yako na maji?"

Mhanga akamtazama Kiboko, kuanzia pua, akapanda kichwani, akapita shingo, akafuata mgongo wote mpaka mkia ulio mdogo kuliko vingine vyote. Na mtazamo ule ulichukua muda, kwa sababu vya kutazamwa vilikuwa vingi. "Kuna kitu, Vidye," akasema hatimaye.

"Usinitajie!" Kiboko akainua mguu kwa furaha ya mtu aliyefika mwenyewe mahali alipoambiwa kwamba ni vigumu kufika. "Kitambue wewe, kiwe chako. Sasa niambie: wewe mwenyewe, kwa uwezo ulio nao, usingoje mtu, unaweza kufanya nini?"

Swali ni lile lile, neno kwa neno. Yangeyange alimwuliza Kiboko kwa sababu Kiboko alikuwa na tumbo la kuondoa. Mhanga hakuwa na tumbo lililoziba chochote. Lake lilikuwa limeshikana na uti wa mgongo. Lakini Mhanga ni mnyama wa adabu, na akiulizwa jambo na mkubwa hulichukua kama lilivyo. Akasema, "Naomba muda nikalifikirie, Vidye." Kiboko akajibu kwamba muda ni wake. Wakaenda.

Desturi ile ikaenea. Kenge, ambaye huingia katika kila msafara wa mamba, alijipaka chokaa ya ukingoni awe mweupe, akaanza kuwasindikiza Chura na Fisimaji kwa nusu ya bei. Akaulizwa habari ya mihogo, akauliza mihogo ina maana gani kwao. Ikafika mahali pale ziwani mtu akisema nyumba inaungua, jirani humwuliza moto huo unamkumbusha nini katika utoto wake.

Mhanga alilifikiria swali siku tatu, kisha akalipeleka kwa Kobe. Kobe akatoa kichwa, akajipapasa gamba, kidole kikapita tundu hili na lile, kikasimama. "Watu wa bati," akasema, "walikuwa na mfereji wa pili. Walipotaka kukausha shimo hili ili wachimbe, waliyageuza maji ya kijito yakaenda shimo la chini, lile la nyuma ya vilima. Ulifukiwa na mchanga mwaka walipoondoka. Unaanzia kwenye mti uliopigwa na radi, unapinda kusini." Hakuna aliyewahi kumwuliza Kobe habari hii, kwa kuwa haikuwemo katika maswali manne.

Wakafanya kazi usiku baada ya usiku. Fuko alitangulia chini, akisikiliza kwa pua mahali ambapo mchanga ni wa juzi na mahali ambapo udongo ni wa Mungu. Mhanga akafuata akipasua kutoka juu. Nungunungu akang'oa mizizi. Panya Buku na wanawe wakabeba mchanga kwa mashavu. Palipokuwa na ukuta wa matofali uliozibwa na watu wa zamani walisimama siku mbili, kisha wakauzunguka. Mchana walirudi machimboni wakionekana wachovu, na Kenge akaandika kwamba ari ya kazi inahitaji kusindikizwa. Wakati huohuo Kiboko na Yangeyange walikuwa katika kikao cha tisa, wakipima maendeleo: kwa kusikiliza, mkubwa alijipa alama 2 alipoanza na alama 9 sasa, juu ya kumi. Ile moja iliyobaki, alisema, aliiacha kwa ajili ya unyenyekevu.

Usiku wa mwezi mchanga kijito kikageuka. Hakikufanya kelele kubwa. Ni kama mtu aliyelala anapojigeuza upande wa pili. Maji yakaufuata mfereji wa zamani, yakapinda kusini, yakashuka shimo la chini, na wachimbaji wakayafuata na watoto wao na vyombo vyao, na Chura akawafuata wachimbaji, na samaki walioweza wakafuata maji.

Kiboko aliamka jua limepanda, kwa sababu ubaridi ulikuwa umemwacha. Chini ya mbavu zake tope lilikuwa limeanza kupasuka vipande, kila kipande kimekunja kingo kama chapati iliyosahaulika jikoni. Akamwita Kenge; Kenge alikuwa amekwenda Mweru kutoa pole kabla ya mtu mwingine kutangulia. Mgongo wake ukaanza kutoa lile jasho jekundu ambalo viboko hutoa wakikosa maji, akawa mwekundu kuanzia masikioni mpaka kwapani. Hapo Mhanga akapita juu ya ukingo, akibeba kibuyu kinachochuruzika.

"Mhanga! Kwa nini hukuniambia?"

Mhanga akasimama, akatua kibuyu chini, akapiga goti kwa heshima, maana adabu haikuwa imemtoka. "Uliniuliza ninaweza kufanya nini, Vidye. Nilikuwa nikijibu."

Akachukua kibuyu chake akaenda.

Kiboko akabaki katikati ya shimo, akihesabu. Vikao tisa vilikuwa vimekwisha. Vilibaki vitatu, navyo vilikuwa vimelipiwa. Akaita kwa sauti ile laini, hakuna aliyeitika, akaita kwa sauti yake ya zamani, na kutoka nyuma ya vilima vyeupe, ambako alikuwa akitembeatembea juu ya mgongo wa Nyati mmoja mgeni, Yangeyange akainuka, akaruka polepole, akatua. Tope lililokuwa likikauka lilikuwa limejaa vijisamaki vilivyokwama. Akaokota viwili vitatu, akasafisha mdomo, akapanda mahali pake. Akainua mguu mmoja. Akanyamaza kadiri inavyopasa.

"Naam, Vidye," akasema. "Leo ungependa tuzungumze nini?"